UZI: Eti wahadhiri wazee ndio hawajui teknolojia? Niko kitengo cha LMS (mfumo wa kufundishia mtandaoni) chuoni, naona kitu tofauti kabisa

FundiLMS (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu.

Kila ikitoka habari ya vyuo kufundisha kwa mtandao wadau wanakuja na hoja moja tu, wazee wang'atuke, maprofesa wa miaka sitini na kitu hawajui hata kuunganisha projekta, waleteni vijana mambo yanyooke. Mi niko kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kimoja cha umma hapa Tanzania (sitakitaja), kazi yangu ya kila siku ni kuwasaidia wahadhiri waweke kozi zao kwenye Moodle (ndio LMS yetu), kwa hiyo nakaa nao wa kila rika, kuanzia TA (mhadhiri anayeanza, msaidizi wa kufundisha) aliyevaa joho juzi mpaka profesa anayehesabu miezi ya kustaafu. Hiyo hoja ya umri inaniuma manake inawabebesha watu lawama isiyo yao na inawaachia wengine wapite hivi hivi.

Kwanza tujue tunaongelea watu gani. Toka 2018 sheria ilibadilishwa, wahadhiri waandamizi na maprofesa wa vyuo vya umma wanastaafu kwa lazima wakiwa na 65 sio 60 tena. Maana yake kwenye idara moja unaweza kumkuta TA wa miaka 25 anagongana korido na mzee wa 64 ambaye alimfundisha mwalimu wa huyo TA. Wote wanaingia darasa lile lile, wanafunzi wale wale, mfumo ule ule.

Sasa ukifungua rekodi za mfumo utaona maajabu. Profesa fulani ameingia kila wiki, kozi imejaa, semina zimegawanywa vizuri, unasema huyu mzee yuko vizuri sana. Ukichimba unakuta aliyekuwa anaingia ni TA wake, kapewa paswedi, kapandisha kila kitu yeye. Na huyo TA kwa jina lake mwenyewe mfumo haumuoni kabisa, anaonekana kama mtu ambaye hajafanya chochote muhula mzima. Kwa hiyo mtu akikuletea ripoti kwamba wa miaka 55 kwenda juu wanatumia mfumo kiasi hiki na vijana kiasi kile, muulize kwanza nani alikuwa ameshika kibodi.

Tuje kwa vijana. Kwa spidi ya kupandisha vitu wanawaacha wazee mbali, hilo halina ubishi, ukikaa naye dakika chache tu PDF za wiki zote za muhula ziko ndani. Halafu basi. Hakuna kwizi, hakuna jukwaa la majadiliano, hakuna kazi inayokusanywa humo na kurudishiwa maoni, mfumo mzima umegeuka steshenari ya pale getini, mwanafunzi anachota handauti anasepa. Darasani nako ni PowerPoint yenye maandishi mengi mpaka waliokaa nyuma hawaoni, anasoma slaidi moja baada ya nyingine mpaka muda unaisha.

Wazee ninaowajua mimi wanaotumia mfumo vizuri kuliko wote ni wale waliowahi kuandikia Chuo Kikuu Huria miaka ya 90, chuo kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992. Enzi hizo ulikuwa unaandika kitini cha mwanafunzi aliyeko Tunduru au Ngara ambaye hutakaa umuone uso, kwa hiyo ulilazimika kufikiria atakwama wapi, uweke swali la kujipima kila baada ya sehemu, umwambie kabisa ukimaliza hapa uwe unaweza kufanya hiki na hiki. Mtu wa namna hiyo ukimletea Moodle anachokosa ni kuonyeshwa pa kubonyeza tu, ile akili ya kumfundisha mtu usiyemuona anayo miaka thelathini sasa. Kijana anajua pa kubonyeza ila hajawahi kuambiwa aweke nini.

Na kuna kundi ambalo hakuna anayelisema, hawa wa 40 mpaka 55. Hawa ndio mkuu wa idara, ndio wasimamizi wa tasnifu za masta na PhD, ndio wako kwenye kamati tano, ndio wanafundisha programu za jioni, na wengine wanashikiza kwenye chuo kingine. Simu wanaijua, Zoom na wafadhili wanafanya kila wiki, benki wanaendesha kiganjani. Kozi zao sasa, slaidi za 2014 zenye mwaka uliobadilishwa kwenye ukurasa wa kwanza. Ukiwauliza watakujibu ukweli kabisa, nikiisuka upya hii kozi miezi minne itanipandisha cheo? Haimpandishi. Kinachompandisha ni makala kwenye jarida. Kwa hiyo muda ukipatikana anaandika makala, na mi siwezi kumlaumu, ana watoto wanasoma.

Ninachokiona mimi, tofauti ya anayefundisha vizuri kwa teknolojia na asiyeweza iko kwenye mambo mawili, kama aliwahi kufundishwa kufundisha, na kama akikwama kuna mtu wa kumfuata. TCU, ile tume ya vyuo vikuu, inataka TA awe na GPA (wastani wa alama) ya 3.8 na mhadhiri msaidizi awe na 4.0 ya masta. Sawa, kichwani yuko vizuri. Nani alimuuliza kama anajua kumuelewesha mtu?

Karibuni tujadili, hasa mlioko darasani pande zote mbili.

---

Binti wa Field

Mleta uzi umewatetea mno wazee. Mi mwaka wa tatu na nikueleze hali halisi, tuna mwalimu mmoja mtu mzima sana anataka kazi iwe hadkopi tu, imepigwa stepla, isukumwe chini ya mlango wa ofisi yake kabla ya saa kumi. Hata ukiwa field (mafunzo kwa vitendo) mkoani. Mwenzetu mmoja alikuwa Mtwara akalazimika kutuma kazi kwa basi, mtu akaenda kuipokea stendi ndio akaileta chuoni, kurasa nane. Imeili hajibu. Matokeo ya test anabandika kwenye ubao wa matangazo kwa kalamu, CR (kiongozi wa darasa) ndio anapiga picha anatupia kwenye grupu la WhatsApp, na picha yenyewe ina kivuli cha mkono huoni namba yako.

Halafu CA (alama za kazi na test za muhula) hazionekani kwenye mfumo mpaka wiki ya UE (mtihani wa mwisho). Unaingia kwenye mtihani hujui una ngapi, hujui kama unapambana na sup (mtihani wa marudio) au uko salama. Hiyo utaiita nini kama sio umri?

Nampenda kama mwalimu, somo analijua na anafundisha bila karatasi. Ila heshima haiwezi kuwa sababu ya sisi kuteseka.

---

Dodoma Moja kwa Moja

Binti uko sahihi kwa huyo wako, lakini kwetu huyo wa kuchelewesha CA ana miaka thelathini na mbili na ana laptopu mbili. Kwa hiyo hapo tatizo la umri liko wapi.

Kwetu kijana anasoma slaidi neno kwa neno, ukiuliza swali anarudi slaidi ya nyuma anaisoma tena. Mzee wa hesabu anakuja na chaki peke yake, anaandika mstari, anageuka anatuangalia, anauliza kwa nini hapa nimefanya hivi, anasubiri mpaka mtu ajibu. Ubaoni mkono wake unaenda kwa mwendo ambao sisi tunaweza kuufuata. Tulimaliza kozi yake tunajua.

---

Mama Chaki

Naomba niseme na mimi ambaye ndiye mnayemjadili. Nina miaka 58, mhadhiri mwandamizi, nimefundisha tangu ujana wangu.

Wanangu, mnasema sisi tunaogopa teknolojia mpya. Hebu hesabuni zilizonipitia. Nimeanza na taipureta na stensili, tunazungusha mashine ya kudurufu mpaka wino unakolea kwenye kucha. Ikaja ohp, mashine ya kumulika ukutani, unaandika kwenye karatasi ya nailoni kwa kalamu maalumu, nilikuwa na boksi zima la zile karatasi nimechora michoro yote ya somo langu kwa mkono. Zikaja disketi. Ikaja PowerPoint. Ukaja mfumo wa kwanza wa kozi mtandaoni, tukaitwa semina, tukahangaika, tukajaza kozi. Vyuo vilivyotangulia hapa nchini vilianza na WebCT na Blackboard, zile za kulipia leseni, 2006 Blackboard ikainunua WebCT, na leseni zilivyokuwa ghali watu wakahamia Moodle ambayo ni ya bure. Jambo jema kwa bajeti. Lakini kila mfumo ulipobadilika hakuna aliyekuja kunihamishia kazi yangu. Maswali niliyotunga, maelezo niliyoandika usiku watoto wamelala, vyote vilibaki kule kwenye mfumo uliozimwa, nikaambiwa mwalimu anza upya huku kuna semina Alhamisi.

Kwa hiyo ninapoambiwa kuna mfumo mpya nauliza, utadumu? Swali hilo nimelipata kwa kuishi, na kijana ambaye Moodle ndiyo mfumo wake wa kwanza hana sababu ya kuliuliza. Mkiona nasita msidhani sielewi. Nakumbuka.

Binti wa Field, pole sana kwa hilo la Mtwara. Hilo sio sawa na mwenzangu huyo ningemwambia usoni. Mwanafunzi kuingia mtihani hajui alama zake ni kumuonea, awe amefanya mtu wa miaka 30 au 64.

Na kingine ambacho vijana hamtakijua mpaka mfike, macho. Skrini za mifumo hii maandishi ni madogo, rangi ya kijivu juu ya nyeupe, kitufe kimejificha kwenye vidoti vitatu. Mimi somo nalijua, kitufe sikioni.

---

Asistenti

Shikamoo Mama Chaki. Nimesoma hapo kwenye maswali yaliyobaki kwenye mfumo uliozimwa nimeelewa kitu kuhusu profesa wangu ambacho sikuwa nakielewa.

Mi ndio yule TA mleta uzi anayemsema. Nina paswedi za walimu watatu kwenye simu yangu. Napandisha slaidi, natengeneza kwizi, naingiza alama. Kuna siku nilikuwa naingiza alama za kozi ya pamoja, darasa la watu zaidi ya mia saba, nikawaza hivi nikikosea safu moja hapa anayeitwa kujieleza ni nani, jina lililoingia kwenye mfumo ni la mzee, vidole ni vyangu. Na siwezi kukataa, yeye ndiye atakayeandika barua yangu ya kwenda masta.

Sio kwamba wananionea. Mzee wangu ni mtu mwema, ananiita mwanangu, wakati mwingine ananipa nauli. Ila kazi hii haiko kwenye orodha ya majukumu yangu, haihesabiwi popote, na yeye hajifunzi kwa sababu mimi nipo. Nikienda masta anarudi sifuri anatafuta TA mwingine.

Na wadau msitusifie sana sisi vijana. Kuna watu mwaka wa kwanza niliowafundisha semina walikuwa hawajawahi kushika kompyuta, wametoka shule ya kata na simu ya kuazima. TikTok anaijua yote, ukimwambia aandike esei kwenye Word aweke namba za kurasa anakwenda steshenari kulipa kwa ukurasa wamchapie. Boom lenyewe (hela ya mkopo ya kujikimu) ndio hilo la elfu kumi kwa siku, ale, apande gari, halafu atoe na ya kuchapisha. Tunadhani mtoto wa 2005 amezaliwa anajua, hajui, anajua simu yake.

---

KomradeRongai

Sasa wasee wa TZ, salamu kutoka Kenya. Hii story ni ile ile huku.

Kwetu wakati wa korona vyuo vilifungwa Machi 2020 na zikakaa muda mrefu, so lec akitaka asitake alijipata kwa Google Meet. Nyinyi mlifunga katikati ya Machi mkafungua tarehe 1 Juni, so wengi mlingoja tu mkarudi darasani. Hiyo tofauti ni kubwa. Lec wangu mzee, karibu astaafu, mwanzo alikuwa anafundisha na kamera imeangalia dari, sauti inakatika, lakini hakuwa na njia ingine, mtoto wake akamsaidia nyumbani, baada ya muda alikuwa anarekodi kila klasi anatutumia. Hakuna semina ilimfunza hiyo, shida ndio ilimfunza na mtu alikuwa karibu naye.

Penye naona imeharibika ni kwa wale wa part time. Lec anafundisha vyuo vitatu, malipo inachelewa miezi na miezi, data ya Meet ananunua na pesa yake. Huyo unataka atengeneze video na kwizi na nini? Wengi ni vijana under 40. Na missing marks bado ziko, tena mingi ni kwa yuniti zenye mwalimu ameshaenda zake kwa sababu hajalipwa. Mtu anashindwa kugradueti juu ya alama ya yuniti moja ya mwaka wa pili.

Sahii tuko na Open University of Kenya pale Konza, ilipata chata Agosti 2023, kila kitu ni online. Hapo ndio nitaangalia kama ni umri ama ni mpangilio, juu hapo kozi inajengwa na timu, si mwalimu mmoja ameachwa na laptopu yake.

---

Takwimu Tupu

Niongeze upande wa utafiti maana hii hoja ina historia.

2001 Mmarekani Marc Prensky aliandika kwamba kuna wenyeji wa dijitali na wahamiaji wa dijitali, yaani waliozaliwa kwenye teknolojia na waliohamia ukubwani. Ile picha ikaenea dunia nzima, mpaka leo ukikaa kwenye vikao vya vyuo vyetu unaisikia. Lakini 2008 watafiti watatu wa Australia, Bennett, Maton na Kervin, walipitia ushahidi wakakuta haushikiki, ndani ya rika moja la vijana wenyewe tofauti za ujuzi ni kubwa sana. Alichosema Asistenti kuhusu watoto wa mwaka wa kwanza ndio hicho hicho.

Ila mleta uzi nisikubaliane na wewe moja kwa moja kwamba umri hauna kazi. 2003 Venkatesh na wenzake waliunganisha nadharia nane za kwa nini mtu anakubali au anakataa mfumo wa kompyuta kazini, wakapata modeli moja ambayo tasnifu nyingi za masta hapa kwetu zimeitumia. Wanasema kuna mambo manne, je kitu kina faida kwenye kazi yangu, ni rahisi, watu ninaowaheshimu wanataka nikitumie, na je mazingira yananiwezesha, maana yake vifaa na mtu wa kunisaidia. Umri kwenye ile modeli haumzuii mtu, unabadilisha uzito. Kwa kijana swali la faida ndio linapiga zaidi. Kadiri mtu anavyokua, urahisi na mazingira wezeshi vinapanda uzito.

Sasa liweke hilo hapa kwetu. Chuo chenye umeme wa kubahatisha, Wi-Fi inayofika korido moja, projekta mbili idara nzima ambayo CR anaenda kuisaini kwenye daftari kwa sekretari, na waya wake ni wa VGA wakati laptopu mpya ina HDMI tu. Mazingira yakiwa mabovu anayeumia kwanza ni mtu mzima, kwa sababu yeye ndiye anayeyategemea zaidi. Halafu tunasimama tunasema mzee hajui. Walipima wafanyakazi wa maofisini sio wahadhiri wa Tanzania, hilo nalo tukumbuke, ila ukilinganisha na haya yaliyoandikwa humu linaingia vizuri sana.

---

Kijiwe cha Mlimani

Wakuu nyaya tu za intaneti za baharini zenyewe hapa Dar, SEACOM imefika 2009 na EASSy 2010. Kabla ya hapo chuo kizima kinagawana mtandao wa setilaiti, kufungua ukurasa mmoja unaenda kunywa chai unarudi. Mtu aliyeanza kufundisha 1990 ameishi nusu ya kazi yake bila intaneti ya maana, halafu unamlinganisha na aliyeanza 2019. Na hela zimekuja, mradi wa HEET (wa kuboresha elimu ya juu) wa Benki ya Dunia ulioanza 2021 ni dola milioni 425, majengo tunayaona yanapanda. Ombi langu ni moja, nyingine iende kwa watu wa kukaa na mwalimu ofisini kwake.

---

FundiLMS

Takwimu Tupu umeniwekea kwa lugha ya kitaalamu kitu ambacho nakiona kila siku nikakosa jina lake. Mazingira wezeshi. Niendelee hapo hapo kwa sababu ndio roho ya jambo lenyewe.

Mafunzo yetu yakoje? Ukumbi, watu arobaini, bango la mdhamini, kijana kama mimi mbele na slaidi za faida za kujifunza kwa mtandao, chai saa nne, posho, picha ya pamoja, kwaheri. Mle ndani kuna profesa amekaa meza moja na mtu aliyemfelisha 2009 ambaye sasa ni mhadhiri mwenzake. Huyo profesa akikwama kuingiza paswedi unadhani atanyoosha mkono? Hanyooshi. Anafunga laptopu taratibu anaanza kuangalia simu. Na mimi naona kabisa amebonyeza siko, ila nitamwambiaje mzee wa umri wa baba yangu mbele za watu Prof umekosea? Nimelelewa nikalelewa vizuri, mdomo hautoki. Kwa hiyo yeye anaona aibu, mi naona haya, mafunzo yanaisha, ripoti inaandikwa watu arobaini wamefundishwa.

Kilichofanya kazi kwetu ni kitu cha bure kabisa. Naenda ofisini kwake, mlango unafungwa, shikamoo Prof, tunaongea kwanza habari za nyumbani, halafu namuuliza ni kitu gani kwenye kozi yako kinakuchosha zaidi. Simwambii habari za Moodle. Karibu wote wanasema kusahihisha. Darasa la DS (taaluma za maendeleo) au stadi za mawasiliano lina mamia ya watu, test moja ni rundo la karatasi linalokaa mezani wiki nzima. Basi tunaanza na hapo, tunachukua maswali yake ya kuchagua ya miaka iliyopita tunayaingiza kwenye benki ya maswali, wanafunzi wanajipima wenyewe kila wiki kabla ya kipindi, mfumo unasahihisha. Siku anaona orodha ya swali ambalo darasa zima limekosa, uso wake unabadilika, anasema kumbe hapa hawajaelewa, na kipindi kinachofuata anaanzia hapo. Huyo hutamwambia tena kuhusu faida za teknolojia, atakufuata yeye.

Na anajifunza kwa mkono wake, sishiki mausi mimi. Hili nalisisitiza kwa wenzangu wote wa TEHAMA, usimfanyie. Ukimfanyia umemuongezea paswedi Asistenti.

Kuhusu macho Mama Chaki ahsante sana, Ctrl na alama ya kujumlisha vinakuza ukurasa wote, na ukiingia kwa simu ile programu ya Moodle maandishi yanaongezeka kwenye mipangilio. Hili ni jambo la kuonyeshwa siku ya kwanza kabisa na hatulionyeshi.

---

Dodoma Moja kwa Moja

Na hii ya ChatGPT je? Toka itoke Novemba 2022 huku kwetu esei zote zinafanana, Kiingereza kimenyooka mpaka unashangaa.

---

Mama Chaki

Hapo mwanangu nitakuambia tulichofanya kwenye idara yetu. Vijana walikimbilia programu ya kugundua maandishi ya ChatGPT, wakawa wanampa mtoto sifuri kwa sababu mashine imesema ni mashine. Mimi nilipinga, huwezi kumhukumu mtu kwa kitu ambacho huwezi kumuonyesha ushahidi wake. Turnitin ya wizi wa maandishi angalau inakuonyesha chanzo, unafungua unalinganisha.

Nikarudi kwenye mdomo. Unaleta kazi yako, nakuuliza maswali mawili matatu juu ya ulichoandika. Mbona umesema hivi aya ya pili, umetoa wapi mfano huu, ungebadilisha nini kama mfano ungekuwa Kigoma. Dakika chache tu najua kama kazi ni yako. Sasa kwa darasa la mia saba haliwezekani, hilo nalisema wazi, nafanya kwa makundi ya semina, na hapo ndipo nahitaji maTA waliofundishwa kuuliza. Kijana mwenzangu kwenye idara yeye ameniongezea jambo zuri, anawapa wanafunzi jibu la ChatGPT lenye makosa wao walikosoe kwa kutumia vitabu. Mimi sikulifikiria hilo. Yeye naye sasa anafanya mahojiano ya mdomo, alinijia kuniuliza ninapangaje maswali.

Tumekuwa tunafundisha ile kozi pamoja, majina yote mawili yako kwenye mfumo, kila mtu na paswedi yake.

---

Asistenti

Hilo la majina mawili naomba wakuu wa idara walisome. Moodle inaruhusu kumuweka TA kama mwalimu msaidizi kwenye kozi kwa akaunti yake mwenyewe, ni kubonyeza mara moja. Nimejua kupitia uzi huu na Jumatatu naenda kuomba.

---

Binti wa Field

Mama Chaki natamani ungekuwa unatufundisha. Lakini bado nasema chuo kiweke tarehe ya mwisho ya CA kuonekana kwenye mfumo, kwa kila mwalimu, mzee na kijana, na ikipita aulizwe.

---

FundiLMS

Binti naunga mkono kwa asilimia mia. Hiyo ni ya kupeleka kupitia serikali yenu ya wanafunzi iingie Seneti.

---

Mama Chaki

Fundi, swali la mwisho kabla sijatoka. Chuo chetu kimetangaza mfumo unaboreshwa likizo hii. Nifanyeje kozi yangu isipotee tena?

---

FundiLMS

Mama, ingia kwenye kozi yako kama mwalimu. Juu kwenye menyu bonyeza sehemu ya mwisho yenye mengineyo, humo kuna sehemu ya kutumia kozi upya, ndani yake utaona bakapu (kwenye matoleo ya zamani iko kwenye alama ya gia). Kabla hujaendelea hakikisha hakuna tiki kwenye watumiaji waliosajiliwa, ili utoke na kozi yako bila majina na alama za wanafunzi, manake toka 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi na vile vitu havitakiwi kukaa kwenye flashi. Endelea mpaka mwisho, subiri, utapata faili linaloishia na mbz, lipakue. Hilo linafunguka kwenye Moodle ya chuo chochote, mradi toleo lake lisiwe la zamani kuliko la kwenu.

Halafu nenda benki ya maswali uyatoe peke yake kwa mtindo wa Moodle XML, kwa sababu maswali ndiyo yamekula usiku wako. Na zile nakala za Word na PowerPoint ulizoanzia usizifute, mbz haifunguki nje ya Moodle. Weka sehemu mbili, moja kwenye diski ya nje nyumbani, nyingine kwenye Google Drive yako.

Fanya wiki hii, usisubiri tangazo la pili. Ukikwama kwenye ile tiki nitumie PM, nitakuelekeza hatua kwa hatua.